Ekzosi ya WRX imepasuka: nichomelee au nitafute used?

Kijana wa Goba: Habari za jioni wakuu. Nina Impreza WRX ya 2002, manyuo, ilikuja nchini kutoka Uingereza, mimi ni mtu wa tatu kuimiliki. Juzi nimekita tuta, tangu hapo inanguruma kama trekta, kituo kizima cha daladala kinageuka. Ufa uko chini usawa wa gia boksi. Inachelewa kuchanganya na taa ya cheki injini inawaka. Fundi mmoja anataka elfu arobaini achomelee, mwingine anasema nitafute ekzosi used Ilala, laki nne na nusu. Nifanye lipi? Ushauri tu, matusi hapana.

Dingi wa IST: Uza, nunua IST, ulale. Yangu mwaka wa sita huu, ekzosi sijawahi hata kuichungulia.

Spana 14: Ufa uko kwenye bomba lenyewe au kwenye weldi? Maana usawa huo ndiko yanakokaa masega (katalitiki, yale yanayosafisha moshi), na bomba la kiwandani halipasuki kirahisi kwa tuta moja. Weka picha.

Kijana wa Goba: Kwenye weldi mkuu. Picha baadaye, simu iko chaji.

Bi Nyakato: Umenikumbusha Altezza ya kaka yangu hapa Mwanza. Siku moja mafla ikadondoka Kirumba, akashuka mbio akaiokota kwa mkono. Wiki mbili anakula ugali kwa kushoto, mama akawa anamtengea sahani yake kivyake, nyuma ya nyumba.

Spana 14: 😂 Pole yake. Mtoa mada, hiyo weldi ilifuata nini hapo?

Kijana wa Goba: Sawa, niseme tu. Mwezi wa tatu niliuza masega. Alipita jamaa anayenunua, akanipa laki tatu na themanini, nikamalizia ada ya mtoto. Fundi akaunga bomba palepale. Kila mtu anatoa, na yangu yalikuwa yameshaziba.

Chuma Chakavu: Yaani mzigo wenye platinamu, paladiamu na rodiamu umeutoa kwa bei ya mbuzi wawili! Na moshi wako tunauvuta sisi wa bodaboda tulio nyuma yako.

Mwalimu Mstaafu: Vijana mnang'oa kiungo kimoja kimoja mkisingizia ada. Kesho utauza tairi, uje kuuliza humu kwa nini gari haiendi.

Kifaru: Wakuu, hii chai. Ufa ulio nyuma ya turbo unaleta kelele, nguvu haupunguzi. Tena ukitoa masega turbo inapumua vizuri, gari ilitakiwa iwe nyepesi. Halafu huyu huyu Februari alikuwa anatafuta bodaboda ya mkataba humu humu. Leo ana WRX?

Dingi wa IST: Mimi nimeshaleta maandazi.

Kijana wa Goba: Bodaboda nilikuwa namtafutia mdogo wangu. Picha hiyo hapo, nimelala chini ya gari na tochi ya mdomoni, haya sema chai.

Chuma Chakavu: Subiri kwanza. Hiyo rangi ya kijani kwenye bomba ni ya geti? Na hilo kopo la maziwa lililozungushiwa waya?

Kijana wa Goba: Kopo ni la dharura tu. Bomba alisema ni lilelile, chuma ni chuma.

Spana 14: Kifaru kagusa la maana hapo kwenye turbo. WRX za Uingereza za miaka hiyo zina sega jingine dogo kabla ya turbo, kwenye bomba linalopanda. Lilitoka na lile?

Kijana wa Goba: Alitoa yote. Gasketi alirudishia zilezile, alisema bado nzima.

Spana 14: Basi tuta umelisingizia. Moshi uliotakiwa kuzungusha turbo unatorokea kwenye gasketi, ndiyo maana inachelewa kuchanganya. Weka gasketi mpya huko juu. Chini kata hilo la geti, tia bomba nene la kipenyo cha awali, na raba za kuning'inizia ekzosi zote ziwepo. Injini inacheza, bomba lisilo na raba litakata weldi kila mwezi. Fundi asiwashe mashine ya kuchomelea kabla hujatoa terminali za betri, kontroli boksi isije ikaungua. Taa ya cheki injini itaendelea kuwaka, msimbo wa hitilafu P0420, kwa sababu masega hayapo.

Kijana wa Goba: Shida yule wa elfu arobaini nimeshampa kianzio, na Jumamosi tuna harusi Tanga. Akichomelea tu si tutafika? Isipokuwa tukifunga vioo mama watoto kichwa kinamuuma, na mtoto siku hizi anasinzia sana garini.

Bi Nyakato: Wewe! Huo si usingizi. Kaboni monoksaidi haina harufu, inaua watu wakidhani wanapitiwa. Pandeni basi.

Kijana wa Goba: Nauli ya watu watatu kwenda na kurudi dada yangu... Si tufungue vioo?

Spana 14: Hata vioo vikiwa wazi moshi unaingia. Gari ibaki nyumbani.

Mwalimu Mstaafu: Ada imelipwa, mwanafunzi anavuta moshi.

Kijana wa Goba: Nimewasikia. Naongea na fundi kwanza kuhusu kianzio changu.

Kifaru: Chai naifuta, samahani mkuu. Ila kama utaichinja, hiyo boneti yenye pua nicheki PM.