Ushauri: Binti yangu wa kwanza anaenda UDOM, nalia kila siku na safari bado wiki tatu

MamaWaUjiji

Assalaam aleykum, na habari za jioni kwa wote.

Niko Ujiji, Kigoma. Binti yangu wa kwanza amepangiwa UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma), shahada ya ualimu, zimebaki wiki tatu aondoke. Nafasi ameshathibitisha, mkopo amepata ingawa si wote, karatasi ziko sawa. Tatizo ni mimi. Nalia jikoni, nalia nikifua, usiku wa saa nane naamka nawaza akiumwa nani atamjua. Alipokuwa JKT (Jeshi la Kujenga Taifa) sikuwa hivi, lakini alipangiwa kambi ya Bulombora, hapahapa mkoani, nilijua nikitaka kumwona nitafika. Dodoma siyo mahali pa kuamka na kwenda.

Naomba mnisaidie: nimsindikize au aende na wenzake? Naagana naye vipi nisimvunje moyo? Na nikirudi, hii nyumba nitaikaliaje? Tuko sita, tutabaki watano. Baba yake anasema "mtoto ameshakua", basi, kimya.

---

Mlezi_Mstaafu

Wa aleykum salaam mama. Hongera kwanza kwa kumfikisha hapo.

Unabeba vitu viwili vilivyoshikana: hofu na huzuni. Dawa zake ni tofauti. Hofu ina maswali yenye majibu: akiumwa aende wapi, hela ikichelewa atakula nini, nani atampokea. Huzuni haina swali. Mtoto hatakuwepo pale alipozoea kukaa, ndiyo hivyo. Ukiitafutia huzuni majibu utapiga simu mara kumi kwa siku na itabaki palepale. Hofu nayo ukiililia tu bila kuitafutia majibu itaendelea kukuamsha saa nane.

Anza leo. Weka daftari na kalamu karibu na kitanda. Ukiamka, andika kilichokuamsha kwa sentensi moja, ulale. Asubuhi kaa na binti mpitie pamoja, na kila chenye jibu akitafute YEYE. Akiumwa? Asome kwenye maelekezo ya kujiunga utaratibu wa bima. Bima ya mwanafunzi ya NHIF (Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya) ina ada ya mwaka; aulize ni kiasi gani, inalipwaje na kadi inapatikana lini, kisha akueleze wewe. Nani wa kumtafuta akikwama? Aandike namba ya mlezi wa bweni na ya ofisi ya mshauri wa wanafunzi, nakala moja abaki nayo, nyingine ibandikwe ukutani kwako.

Kwenye hela sema naye kwa tarakimu. Posho ya chakula na malazi ya Bodi ya Mikopo ni 10,000 kwa siku kwa aliyepewa yote, lakini haimsubiri getini. Lazima kwanza asajiliwe chuoni, halafu asaini kupokea. Ni katika pengo hilo mtoto hupiga simu akilia na mzazi kuchanganyikiwa. Liandalie: 6,000 ya chakula kwa siku mara siku 30 ni 180,000, mbali na hela ya usajili na nauli. Isiwe taslimu yote. Nusu ikae kwenye simu yake, nusu ibaki kwako umtumie wiki ya tatu.

Kwa nini atafute yeye? Kwa sababu kinachotuliza hofu ya mzazi ni kumwona mtoto akitatua jambo mbele ya macho yake. Maneno ya "usijali mama" hayafiki huko. Una wiki tatu, mkabidhi kazi moja baada ya nyingine: vyeti halisi vikae kwake, nakala kwako, nauli akakate mwenyewe, siku moja aende benki peke yake. Mzazi anayekabidhi kila kitu siku ya safari ndiye anayeanguka stendi.

Yakiisha yote yenye majibu, utakachobaki kukililia ni huzuni. Hiyo ilie, haina madhara.

---

Reli_ya_Kati

Kuhusu kumsindikiza: nenda, ila uwe na mipaka.

Basi la alfajiri kutoka Kigoma linaweza kukufikisha Dodoma giza limeshaingia. Usipange kwenda chuoni usiku huo. Laleni gesti karibu na stendi kuu ya Nanenane, mwende asubuhi mkiwa mmekula. Uchovu wa njia unafanya machozi yaje kwa jambo dogo tu, na foleni ya usajili ina mambo madogo mengi. Mwenye ndugu Tabora akate safari katikati, alale, aendelee kesho yake kwa Itigi na Manyoni. Wa treni aulize mapema saa ya kufika Dodoma na achukue daraja la pili kulala, siyo la tatu, kama kuna uwezo.

UDOM ni pana sana, ndaki (vyuo vidogo ndani ya chuo) zimeachana. Kabla ya kupanda bajaji au taksi binti awe anajua jina la ndaki na namba ya bloku, la sivyo mtazungushwa na mizigo juani.

Mkifika, kazi yako ni moja: kukaa kivulini na mizigo. Foleni apange yeye, fomu ajaze yeye, akikosea arekebishwe na mhusika. Mzazi akishika fomu, karani ataongea na mzazi, na kesho mtoto hajui hata dirisha lilipo.

Kuagana kuwe mchana, kabla ya saa tisa, akiwa ameshapata ufunguo, ametandika kitanda chake mwenyewe na amekula. Msiagane jioni. Giza likiingia kila mtu yuko peke yake na mawazo yake. Sema maneno machache, kwa mfano: "Nitakukumbuka sana. Najua utaweza. Jumamosi tutaongea." Usiseme "nitaishije bila wewe" wala "nyumba itakuwa kama ina msiba." Mtoto ataibeba hiyo hadi darasani, na ataanza kukuficha shida zake asikuumize. Machozi yakija yaache. Ukijifuta ukasema ni vumbi, naye atajifunza kuficha yake.

Kisha ondoka. Usirudi kwa sababu umesahau kumpa sabuni. Na usikae Dodoma siku mbili tatu za "kumwangalia". Wiki ya kwanza ndiyo wageni wanakutana, wanazungushwa chuoni, wanapata marafiki. Mwenye mama mjini atakuwa anakimbilia kwa mama kila jioni.

---

Gungu_Juu

Napingana kidogo na mkuu hapo juu. Kama wapo wenzake wawili watatu wa ndaki hiyohiyo na wameshazoeana, kumsindikiza hadi Dodoma ni nauli yako kwenda na kurudi, gesti na chakula. Kwa familia nyingi za kwetu hela hiyo ndiyo ile 180,000 iliyotajwa. Mtoto anayefika na hela ya mwezi bila mama ni afadhali kuliko anayefika na mama bila hela.

Ila kama anaenda na wenzake, msiagane stendi. Alfajiri kule konda anaita, mizigo inagombaniwa buti, mtaishia kusukumana bila kusema kitu. Agana naye nyumbani, chumbani, mlango umefungwa, wewe na yeye tu. Stendi baba au mjomba ampeleke.

Lingine: kisomo, ile dua ya kumuaga msafiri. Wengi tunakifanya usiku wa kuamkia safari. Wageni wanaondoka saa tano, kila bibi na shangazi anamshika mtoto analia, mtoto halali, kesho yake anatapika njia nzima. Fanyeni siku mbili kabla, baada ya alasiri. Usiku wa mwisho nyumba iwe na watu wa nyumba tu.

---

MamaWaUjiji

Allah awalipe. Nauli nimeweka akiba kwenye mchezo, nitaenda naye na nitarudi kesho yake. Kisomo kweli tulipanga usiku wa mwisho, nitakisogeza. Daftari nimeshaanza. Ninachokiogopa sasa ni kurudi nyumbani.

---

Sista_Kasulu

Dada, wiki ya kwanza usitegemee kujisikia vizuri, tegemea tu ratiba. Kula saa zilezile hata bila hamu, toka nje asubuhi upate jua, chai na kahawa mwisho saa tisa alasiri. Usilale mchana zaidi ya nusu saa, maana usingizi wa mchana ndio unaoiba wa usiku.

Jikoni ndiko kutakakokuuma. Mkono umezoea kipimo cha watu sita, utapika ugali utabaki, na ule ugali uliobaki ndio utakaokuliza. Amua kabla hujasafiri: kama ni kilo na robo ya unga kwa sita, kwa watano ni kilo moja. Weka kipimo kipya kwenye chombo kingine kabisa.

Kitanda chake usikikunje wala usimhamishie mdogo wake siku hiyohiyo. Na usikigeuze makumbusho pia, shuka zifuliwe. Mpaka likizo ya kwanza kibaki chake. Akirudi mpange pamoja nani alale wapi. Wadogo zake nao wana huzuni, ila ya kwao hutoka kwa kugombana, kukojoa kitandani kwa aliyeshaacha, au kukataa shule. Wape wao dakika tano za simu ya Jumamosi, wewe usiimalize yote.

Sasa sikiliza hili vizuri. Huzuni ya kawaida huja na kuondoka: asubuhi unalia, mchana unacheka na jirani. Lakini ikikaa karibu kutwa nzima, karibu kila siku, kwa wiki mbili mfululizo, na humo kuna kukosa usingizi au kulala kupita kiasi, kukosa hamu ya kula, kutopenda tena ulichokipenda, kujilaumu, au kuona heri usingekuwepo, hiyo ni ya hospitali. Nenda Maweni, hospitali ya rufaa ya mkoa, anzia wagonjwa wa nje, sema wazi kwamba unahitaji huduma ya afya ya akili. Wazo la kujidhuru likija hata mara moja usisubiri wiki mbili, nenda siku hiyo na mtu wa kukushika mkono.

Tena kama uko kati ya miaka 45 na 55, mwambie daktari kama hedhi imebadilika. Kukoma hedhi kunaleta joto la ghafla usiku, kuamka saa nane na machozi ya karibu, na wanawake wengi husingizia mtoto kuondoka kumbe ni mambo mawili yamekutana. Upimwe na presha hapohapo.

---

Baba_wa_Mwandiga

Niongelee huyo baba. Kimya chake usikihukumu. Wanaume wengi wa kwetu huzuni yao inatoka kwa mikono: anakaza kufuli la begi, anauliza mara tatu basi ni la saa ngapi. Ukimwambia "huna uchungu na mwanao" atafunga zaidi. Mpe kazi inayojirudia. Kwa mfano, yeye ndiye wa kutuma hela ya wiki na ndiye wa kupiga Jumatano. Akishaisikia sauti ya binti mara mbili tatu, ataongea mwenyewe.

---

Vocha_na_Bando

Simu sasa, maana ndiko mambo mengi yanakoharibika.

Mpange siku mbili za kuongea, mfano Jumatano na Jumamosi saa mbili usiku. Katikati ni ujumbe mmoja kwa siku, hata neno "mzima" linatosha. Asipojibu usiku mmoja ni chaji, bando au amelala. Mkubaliane ni muda gani wa kimya ndio uanze kumtafuta: saa 24, kisha unampigia mwenzake wa chumba, kisha mlezi wa bweni. Kwa hiyo namba za wenzake wawili uwe nazo kabla hujaondoka pale.

Akipiga analia, hasa wiki ya tatu hadi ya sita ambapo majaribio yanaanza na hela inakata, usimwambie "rudi nyumbani" wala "jikaze". Uliza: leo umekula nini? Usiku ulilala? Leo umeongea na nani? Akijibu yote matatu vizuri, ni upweke wa ugeni, sikiliza tu. Akiwa siku tatu hatoki chumbani, haendi vipindi, hali chakula, au anasema amechoka kuishi, siku hiyohiyo piga kwa mshauri wa wanafunzi na umwombe mwenzake asimwache peke yake.

Tena kuna matapeli wa wazazi wa wanachuo. Namba ngeni inapiga: "mwanao amepata ajali, yuko hospitali, tuma laki tatu ya upasuaji haraka." Wanafanikiwa kwa sababu wanakuta hofu iko tayari. Chagueni neno la siri wewe na binti, msilitaje kwa mtu. Anayepiga asipolijua, kata, mpigie binti, asipopatikana mpigie mwenzake, ndipo mlezi wa bweni. Usitume hata mia kabla ya hapo. Baba na wadogo zake wakubwa waelezwe pia.

---

MamaWaUjiji

Neno la siri tumeshachagua jioni hii, baba yake ndiye aliyelitoa. La mwisho: mizigo. Nimeweka dagaa kilo tano, mawese lita kumi, mchele, unga, sufuria tatu. Binti anasema ni mingi.

---

Reli_ya_Kati

Binti yuko sahihi mama. Chukua kinachobebwa na yeye mwenyewe kwa safari moja kutoka getini hadi chumbani: begi moja la nguo, begi la mgongoni lenye vyeti, na ndoo ya lita 20 yenye mfuniko. Vyombo na chakula viingie ndani ya ndoo, na kule ndoo itakuwa ya maji. Godoro asome kwanza kama bweni linatoa. Kama halitoi linunuliwe Dodoma. Asome pia sheria za kupika vyumbani kabla ya kubeba sufuria na jiko la umeme, maana mabweni mengi hayaruhusu.

Dagaa kilo moja inatosha. Toa vichwa, kaanga bila mafuta kwa moto mdogo hadi wakatike wenyewe mkononi, waache wapoe kabisa ndipo ufunike. Ukifunika wakiwa na joto wanatoa jasho, wanaota ukungu ndani ya wiki. Chombo kiwe cha kubana, wenzake wa chumbani wasikereke na harufu.

Mawese lita moja. Usijaze hadi mdomoni, acha nafasi ya vidole viwili, kwa sababu buti la basi lina joto, mafuta yanatanuka na kusukuma kizibo. Weka nailoni chini ya kizibo ndipo ukaze, simamisha dumu ndani ya ndoo, na usiliweke kwenye begi lenye vyeti. Yakiganda usiku kule Dodoma hayajaharibika, ayaweke juani kidogo.