Naomba ushauri: neno la chakula katika lugha niliyoibuni nilipe asili gani?

Mtunzi: Habari zenu wanajukwaa. Ninaandika riwaya ambayo wahusika wake wana lugha yao, niliyoibuni mwenyewe, na katika lugha hiyo chakula huitwa "memu". Mhariri anataka kiambatisho kinachoeleza asili ya kila neno. Je, ni sawa nikiandika kwamba limetokana na mzizi wa kale wenye maana ya kugawana? Jambo hili linaninyima usingizi.

Mzizi: Ndugu, tazama waliotangulia. Zamenhof, alipochapisha Kiesperanto, lugha aliyoibuni, mjini Warsaw mwaka 1887, alichota kwenye lugha zilizopo: "manĝi", yaani kula, ni jamaa ya "manger" ya Kifaransa na "mangiare" ya Kiitaliano, na ukiongeza kiambishi "-aĵ-" unapata "manĝaĵo", chakula. Asili ya namna hiyo humrahisishia mtu kujifunza.

Kalamu: Mimi napenda zaidi Toki Pona, lugha ya Sonja Lang ya mwaka 2001, ambamo "moku" ni kula na ni chakula pia, nalo limetokana na "mogumogu", tanakali ya Kijapani ya kinywa kinachotafuna. Nami niliwahi kubuni lugha shuleni, tukaandikiana barua na rafiki yangu mpaka mwalimu akazikamata. Lakini mkuu, hiyo "memu" uliitoa wapi hasa?

Mtunzi: Ni neno la mdogo wangu alipokuwa anaanza kusema. Sasa ni mtu mzima na sijamwambia. Hata hivyo, mzizi wa kale unaifaa riwaya zaidi, na mswada nimekwisha kuupeleka.

Bi Busara: Mwanangu, neno hilo ni la mwenzio. Mpigie simu leo, umwombe.

Mdadisi: Mimi nina shaka na kisa chote. Watoto wengi huanza na sauti za m, b na p, kwa kuwa midomo ndiyo wanayoimudu mapema. Neno kama hilo angeweza kulitunga yeyote, kisha akamsingizia mdogo wake ili tuguswe.

Mtunzi: Mama aliliandika kwa penseli nyuma ya kadi ya kliniki: "Memu, anataka kula. Memu-memu, bado hajashiba." Ndiyo sababu katika lugha yangu kurudia neno huonyesha wingi.

Mzizi: Basi mzizi wa kale hauna kazi tena, kwa maana kanuni yako ya wingi imetoka kwenye kadi hiyo. Mwombe mhariri akurudishie ukurasa wa kiambatisho, na mdogo wako ausome kabla haujapigwa chapa.