Chokoleti nyeusi na njugu, zasaidia moyo kweli ama twauziwa tu?

Kijana wa Kibokoni: Jamani babangu ana presha, jirani kamwambia ale chokoleti nyeusi na lozi kila siku moyo utatulia. Ni kweli? Manake ile baa ya kakao asilimia 70 bei yake napata samaki wa nyumba nzima.

Bi Tudor: Njugu zina ushahidi mwanangu. Uhispania walifuatwa watu elfu saba na kitu, kundi moja likala walinati, lozi na hezelinati gramu 30 kwa siku pamoja na samaki na mboga kwa wingi, stroki zikapungua. Chokoleti bado. Wamarekani walitoa matokeo 2022, watu elfu 21, tena wale walimeza vidonge vya kakao si chokoleti, na mashtuko ya moyo na stroki kwa jumla hayakupungua kwa kiasi cha kutegemea. Na nyinyi wa barazani mwatafuna kashata mkisema ni njugu, ile sukari tupu.

Kahawachungu: Kashata imeingiaje hapa? Wazee wetu wamekula na kahawa miaka yote wakafika tisini. Na huo utafiti wa Uhispania si ulifutwa?

Bi Tudor: Uliondolewa 2018 kwa sababu kuna watu hawakugawanywa kwenye makundi kwa kura sawasawa, hesabu ikapigwa upya ukachapishwa mwaka huohuo, jibu karibu lilelile. Na hao wazee walitembea kwa miguu, wewe Makadara mpaka Markiti, hapa hapa Mombasa mjini, wapanda tuktuk.

Kahawachungu: Tuktuk yangu yakuhusu nini? Watukana wazee wa watu kisha wajificha nyuma ya Wahispania.

Mama Kashata Likoni: Mimi ndo riziki yangu hiyo. Njugu nakaanga mwenyewe, napeta maganda, shira ikivuta nyuzi ndo nazimwaga, nakata ingali moto. Njugu zashinda sukari kwa mbali. Sukari tupu wapi?

Fundi Kisauni: Mwaacha la maana, korosho za barabarani zina chumvi na mzee ana presha. Atafute zisizo chumvi, na vidonge vya kliniki asiache hata siku moja.

Kahawachungu: Korosho zenyewe zalimwa hapa Kilifi na Kwale na twauziwa bei ya mtalii, kiwanda cha Kilifi kilikufa watu wakiangalia. Hilo ndo la kujadili.

Mama Kashata Likoni: Bi Tudor hujanijibu. Vuka feri uje uone sufuria yangu kabla hujasema tena.