Naomba ushauri: ndoa imevunjika, deni la chuo la mtoto wa kambo linanifuata mimi

Habari zenu wakuu. Nilimuoa mama mwenye binti wa darasa la sita, nikamlea kama wangu. Hadi leo ananiita baba. Mwaka 2021 akaanza diploma chuo binafsi. Siku ya usajili foleni ilikuwa ndefu, karani dirishani ananihimiza, "Mzee, weka sahihi hapa na hapa." Sikusoma. Juzi nimetoa nakala kabatini: jina langu liko mbele ya neno "mdhamini", wala si "mzazi".

Ndoa ilivunjwa mahakamani mwaka jana. Nyumba tukagawana, deni hakulitaja mtu. Sasa chuo kinadai milioni 2.4, cheti wamekishikilia, na wakili wao ameniandikia barua. Mtalaka wangu anasema, "Si ulisaini mwenyewe?" Baba mzazi yupo, ana gereji yake, simu zangu hapokei.

Najua Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 114, inaitaka mahakama inapogawa mali iangalie madeni yaliyokopwa kwa faida ya wanandoa wote wawili. Je, ada ya mtoto wa kambo inaingia humo? Naweza kurudi mahakamani mama yake abebe nusu, au udhamini ni mkataba wangu na chuo, talaka haihusiki? Na nikilipa, naweza kumdai binti mwenyewe? Ana miaka 23, si mtoto tena kisheria.

Binti simlaumu. Ila nikilipa zote, mdogo wake Januari haendi shule.