Ushauri: jiwe la milimita 14 kwenye figo, nitarajie nini hospitalini?

Mzawa_Makorora
Salaam wakuu. Kipimo cha CT kimeonyesha jiwe la milimita 14 kwenye figo ya kushoto, sehemu ya chini. Ugumu wa jiwe kwenye CT umeandikwa 1,150 (kipimo cha HU). Mkojo unapita na sina homa. Nasubiri rufaa, na nimetajiwa njia tatu: mawimbi, leza, au tundu mgongoni. Anayejua naomba anieleze kila moja inavyokwenda na mahali inapokwama. Kuna ndugu ananisisitizia dawa ya mizizi eti inayeyusha jiwe. Kuna ukweli?

Nesi_wa_Teatha
Pole sana kaka. Anza na hiyo 1,150. Jiwe likizidi 1,000 huwa linagoma kwa mawimbi: ama halipasuki, ama linatoa vipande vikubwa visivyopita. Halafu la kwako limekaa chini, kwa hiyo hata likivunjika vipande vinatakiwa kupanda juu kwanza ndipo viteremke, na vingi hubaki palepale. Kwa vipimo hivyo, muulize daktari kuhusu leza kabla ya kitu kingine.

Leza haina kisu. Unaacha kula usiku, asubuhi unachomwa ganzi ya mgongoni au unapewa nusukaputi. Kamera nyembamba inaingia kwenye tundu la mkojo, inapita kibofu, inapanda ureta (ule mrija wa kutoka figo hadi kibofu) mpaka ilipo figo. Leza inasaga jiwe. Vumbi litatoka na mkojo, vipande vinavutwa kwa kikapu kidogo cha waya. Kwa kawaida ni saa moja hadi mbili, na wengi wanaruhusiwa siku hiyo au kesho yake.

Inapokwama mara nyingi ni ureta kuwa nyembamba. Daktari mzuri halazimishi, kwa sababu ureta ikichanika ni shida kubwa kuliko jiwe. Anaweka stenti (mpira mwembamba ndani ya ureta), anakurudisha nyumbani wiki moja au mbili ureta itanuke, kisha unarudi. Ukiamka ukaambiwa hivyo usivunjike moyo, umetendewa haki.

Mwana_Chumbageni
Niongeze kuhusu stenti, maana ndiyo inayowatesa watu kuliko leza yenyewe na haielezwi vya kutosha. Ni mpira laini mwembamba, urefu kama sentimita 24 hadi 28, umejikunja ncha zote mbili: moja ndani ya figo, nyingine kwenye kibofu. Ile ya kibofuni inakwaruza, ndiyo maana unahisi mkojo kila mara na kuchomwa mwishoni. Ukikojoa, mkojo kidogo hurudi juu na ubavu unauma papo hapo. Mkojo kuwa wa rangi ya waridi baada ya kutembea sana au kubeba mzigo ni kawaida. Mabonge ya damu, au mkojo kukata kabisa, si kawaida, rudi hospitali. Omba tamsulosini, inapunguza kero hizo kwa wengi.

Kaka, andika tarehe ya kuitoa kwenye kalenda ya ukutani na umwambie mtu mwingine nyumbani. Kuitoa ni dakika chache, kwa jeli ya ganzi na kamera ndogo. Ikisahaulika miezi, chumvi za mkojo zinaiganda, nayo inageuka jiwe jipya linalotaka upasuaji wake.

Mzawa_Makorora
Ahsanteni sana. Na hayo mawimbi na tundu, kwa kifupi?

Nesi_wa_Teatha
Mawimbi: unalala mezani, jiwe linatafutwa kwa eksirei au utrasaundi, kisha linapigwa mapigo kama 2,000 hadi 3,000 ndani ya saa moja hivi. Unarudi nyumbani siku hiyo. Vipande hutoka kwa wiki kadhaa, na wakati mwingine vinapangana foleni kwenye ureta na kuiziba. Mjamzito hafanyiwi, wala anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda bila daktari kuzisimamisha kwanza.

Tundu ni hasa kwa mawe yanayozidi milimita 20. Nusukaputi, unalazwa kifudifudi, tundu la sentimita moja mgongoni, jiwe linasagwa na kunyonywa. Mpira unaweza kubaki mgongoni siku moja au mbili. Hatari yake ni kuvuja damu, kwa hiyo ndugu wajiandae kuchangia damu mapema.

Njia yoyote utakayopewa, hakikisha mkojo umeoteshwa maabara kabla, kuona kama una vijidudu. Vijidudu vikiwemo vinatibiwa kwanza, la sivyo kamera inavisukuma kwenye damu.

Daktari_Pwani
Hapo kwenye vijidudu nisisitize. Huku Tanga homa yoyote tunasema malaria. Mwenye jiwe akipata joto la 38 na kutetemeka, apime malaria ndiyo, lakini aseme pale mapokezini, "Nina jiwe kwenye figo." Figo iliyoziba na kujaa usaha inaua ndani ya siku chache. Hapo jiwe halivunjwi kwanza: usaha unatolewa kwa stenti au mpira wa mgongoni, antibiotiki zinaanza, jiwe linasubiri.

Mizizi: jiwe linaloyeyuka kwa dawa ni la asidi ya yuriki, kwa dawa za kupunguza asidi ya mkojo, na huwa laini, mara nyingi chini ya 500. La 1,150 haliyeyuki kwa kinywaji chochote. Baadhi ya mizizi inaumiza figo yenyewe, na mganga hana kipimo cha kreatinini (kipimo cha damu kinachoonyesha figo inavyofanya kazi). Maumivu yakija usijichome diklofenaki ovyo, hasa kama kreatinini imepanda.

Mwana_Chumbageni
Na maji. Kwa jasho la pwani, lita mbili za kunywa hazitoshi. Lengo ni mkojo wa lita 2.5 kwa siku. Punguza chumvi, maziwa usiyaache.

Kama rufaa ni ya hospitali ya KCMC Moshi, beba diski ya picha za CT, karatasi ya majibu peke yake haitoshi. Kipande cha jiwe kikipatikana omba kipimwe aina. Kurudi na stenti kwa basi inawezekana, ila kalia siti ya pembeni mwa njia na mwambie kondakta mapema, maana hutaweza kungoja Same hadi Mombo bila kushuka.