Insulini ya ubongoni na chumvi inayotolewa na figo

Mwanafunzi, Chake Chake: Assalaam aleikum. Nimesoma kuwa insulini huifanya figo izuie sodiamu, yaani madini yaliyomo katika chumvi, isitoke kwenye mkojo, na mama yangu, aliyeanza sindano za insulini karibuni, amevimba vifundo vya miguu. Mbona mwalimu wetu asema kuwa ikitenda kazi ubongoni matokeo huwa kinyume?

Mjibu, Mkunazini: Waaleikum salaam. Mwalimu yuko sahihi, ijapokuwa ushahidi mwingi umetoka kwa panya. Ilipodungwa ndani ya vyumba vya maji vya ubongo, insulini iliongeza sodiamu katika mkojo ilhali kiasi kinachochujwa na figo hakikubadilika. Yaani ni mirija ya figo iliyopunguza kuirudisha chumvi mwilini, kwa amri ya kutoka juu. Kwa panya wenye shinikizo la damu la kurithi athari hiyo ilikuwa dhaifu, na hapo ndipo mimi naona pana jambo.

Mjibu, Wete: Naongeza kidogo, ndugu yangu. Insulini ya sindano huifikia figo kwa damu moja kwa moja, lakini ubongoni hupenya kiasi kidogo tu kupitia vipokezi vya kuta za mishipa. Mama asiache sindano. Apunguze ng'onda, yaani samaki wa kukaushwa kwa chumvi, na huo uvimbe akauoneshe kwa daktari.