Je, Gavana Altgeld alivuka mipaka alipowasamehe wafungwa wa Haymarket?

Mwanzisha mada: John Peter Altgeld, gavana wa Illinois kuanzia 1893 hadi 1897, aliwaachia huru Fielden, Neebe na Schwab tarehe 26 Juni 1893; hao ni watatu kati ya wanane waliohukumiwa kwa bomu lililorushwa kwa polisi kwenye mkutano wa wafanyakazi katika uwanja wa Haymarket, Chicago, mwaka 1886. Sina ugomvi na msamaha wenyewe. Kinachonikera ni kwamba hakuishia kwenye huruma, bali alimshutumu Jaji Gary, aliyeiendesha kesi yao, hadharani kwa upendeleo, na kwa kufanya hivyo akaitia doa mahakama nzima. Huenda mtu aliyezaliwa Ujerumani hakuuona uzito wa jambo hilo kama wazawa.

Mchangiaji wa pili: Hilo neno “wazawa” limenichoma. Altgeld alifikishwa Ohio akiwa mtoto mchanga, na akiwa na miaka 16 tu alivaa sare za jeshi la Muungano, yaani upande wa Kaskazini katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani. Mlitaka amwage damu kiasi gani ndipo mumhesabu kuwa mwenyeji? Mimi nimeishi Marekani miaka kumi na tisa, na hadi leo nikizungumzia kodi za mji wetu huulizwa kwanza nimetoka wapi.

Mchangiaji wa tatu: Pole, ndugu yangu, lakini tusisahau kwamba watu wanane walinyongwa kwa bomu ambalo aliyelirusha hakujulikana kamwe.

Mwanzisha mada: Walionyongwa ni wanne, tarehe 11 Novemba 1887, mwenzao Lingg alikufa gerezani siku moja kabla, na Oglesby, gavana wa wakati huo, alikwisha kuwapunguzia adhabu Fielden na Schwab iwe kifungo cha maisha. Polisi saba nao walikufa, na sijaona hapa anayewalilia. Kuhusu uzawa, sikukusudia kumtusi mtu.

Mchangiaji wa pili: Umetusi bila kukusudia, na magazeti ya wakati ule yalimwandama Altgeld kwa ugeni huohuo. Mwaka 1894, Rais Cleveland, mtu wa chama chake mwenyewe, alipopeleka Chicago wanajeshi wa shirikisho kuuvunja mgomo wa Pullman, mgomo wa wafanyakazi wa reli, bila gavana kuwaomba, ni huyu “mgeni” aliyeandika kupinga, akiitetea Katiba ileile iliyomnyima haki ya kuwania urais kwa sababu ya mahali alipozaliwa. Mwaka 1896 wapiga kura walimwondoa. Sasa nijibu: kati ya Altgeld na Cleveland, nani aliyeujua zaidi uzito wa sheria?